Matundu Manne ya Sakafuni

Mwezi uliopita, katika soko la vitu vya mtumba, nilipata kijitabu cha watengenezaji wa karavani, zile nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na gari. Mimi hujisomea chochote kinachoeleza jinsi kitu kinavyoundwa, kwa hiyo nilikaa nikakisoma palepale. Kinaeleza vizuri. Kwa nchi za baridi kuta huwa nene. Kwa nchi za vumbi na barabara mbovu, chasi hunyanyuliwa na springi hukazwa. Kwa nchi za jua kali, madirisha hupanuliwa. Nilipofika ukurasa wa matundu ya sakafuni, nilikifunga. Kumbe walijua tangu zamani kwamba nyumba ya nchi moja haifai nchi nyingine.

Wewe uliyekulia Goma miaka ile ya vita utanielewa. Tuliteremka kutoka milima ya Masisi watatu: bibi, mimi na mdogo wangu wa kike mwenye miaka mitatu. Baba na mama hawakufika. Tulikaa kando ya barabara ya Sake, juu ya mawe meusi ya volkano, chini ya shitingi ya plastiki iliyochanika. Kila asubuhi nilikwenda ziwani na bidoni ya maji, na nikirudi, harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizoanikwa ilinifuata mpaka nyumbani. Chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, zilipita zikilia kwa mizigo ya makaa. Jioni bibi alisonga bugali na kutugawia kwa mkono wake, mdogo wangu kwanza.

Siku moja shirika moja likaleta karavani kutoka Ulaya, nyeupe, yenye kabati na pazia fupi. Walitafuta mahali pa kuiweka na wakafurahi kuona bonde dogo lenye udongo laini na majani mabichi, mahali pekee pasipo na mawe. Hawakujiuliza kwa nini, kati ya watu wengi vile waliokosa pa kulala, hakuna aliyepachukua. Jirani yetu, fundi wa chukudu, aliwaambia, "Mule watu hawajengaka. Kuna mazuku."

Dereva wao akacheka. "Muzee, wacha uchawi wako. Hii ni nyumba ya kisasa."

Mazuku si uchawi. Ni hewa nzito inayotoka ardhini, isiyo na rangi, inayojaa mabondeni kama maji kwenye beseni, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka. Mbuzi akiingia humo, hatoki. Bibi alijua mazuku ni nini, lakini alipopewa karavani ile kwa sababu ya watoto, mvua ilikuwa imetupiga juma zima. Alidhani sakafu iliyo juu ya magurudumu itatuokoa.

Sakafu hiyo ilikuwa na matundu manne, kila moja na upana wa kikombe, yenye wavu. Kwao wanapika kwa gesi ya chupa humohumo ndani, na gesi ikivuja hushuka, ikatoka kwa matundu. Ni akili nzuri sana, kwao. Sisi tulipika kwa makaa nje, na hewa yetu mbaya ilikuwa chini ya sakafu, ikisubiri njia ya kupanda.

Bibi na mimi tulilala juu ya vitanda vya ukutani. Mdogo wangu alilala kwenye godoro sakafuni. Asubuhi moja bibi alimwita, hakujibu. Alimnyanyua, shingo ikalegea. Alitoka naye mbio, akapanda mawe bila viatu, akamshika juu ya kichwa chake mpaka mtoto akakohoa na kulia. Chini ya karavani kuku wetu wawili walikuwa wamelala, hawakuamka tena.

Siku hiyohiyo fundi wa chukudu aliita wanaume kumi na wawili. Waliikokota karavani kwa kamba na miti hadi juu ya mawe, wakaijengea msingi, wakaziba matundu kwa mbao na lami, wakakata dirisha upande wa ziwa. Wiki tatu tulilala vizuri.

Kisha msimamizi wa shirika alikuja na karatasi zake. Aliinama, akaona mbao. "Mama, muliharibu mali ya wafadhili. Haya matundu ni ya usalama. Ni norme, ni kanuni."

Bibi akamjibu, "Papa, ile tundu yenye inatoshaka gazi inje kwenu, huku inaingizaka. Huyu mutoto alikuwa anakufa."

"Muirudishe pale ilikuwa, ama mutoke."

"Teremuka wewe mwenyewe ulale mule siku moja, na godoro yako, chini. Ukiamuka, nitaibeba mimi peke yangu mpaka pale."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Tulitoka, tukarudi chini ya shitingi yetu. Watu wa shirika waliiteremsha karavani bondeni, wakazibua matundu yote manne, wakampa mama mmoja aliyekimbia kutoka Kalengera na mtoto mchanga. Bibi alikwenda kumweleza kila kitu. Yule mama alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akamjibu bibi, "Koko, walikunyanganya nyumba, sasa unataka na mimi nikose?"

Bibi alikwenda tena kesho yake, na kesho kutwa. Mara ya nne alikuta watu wamesimama nje, na yule mama yuko juu ya mawe, amekumbatia mtoto aliyefunikwa shuka hadi usoni.

Alikuja kukaa nasi.  Bibi alimpa nafasi yake karibu na moto na kumgawia bugali wa kwanza.

Sasa hakuna anayekumbuka. Bonde limejazwa mawe, kuna maduka juu yake. Bibi alikwisha kufa, na fundi pia, na ujuzi wao wa kusoma ardhi kwa kuangalia majani na ndege umekwenda nao. Mimi nakumbuka gari la shirika lililokuja juma lile la msiba. Niliwaona wakikagua magurudumu, kabati, pazia. Niliwaona wakipiga magoti na kuingiza kidole katika kila tundu, kuhakikisha kwamba liko wazi. Kisha msimamizi aliandika kwenye karatasi yake kwamba karavani iko katika hali nzuri.