Pijo ya Buluu Kwenye Njia Panda ya Katito

Mimi si mtu wa kusimulia habari za mizimu. Nimefundisha hesabu zaidi ya miaka thelathini, na mwalimu wa hesabu hapendi jambo lisilo na jibu. Lakini hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa macho na akili zangu timamu, na Katito na Otonglo wapo watu wanaolijua mpaka leo. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize.

Kwanza nikueleze habari za magari yangu, maana bila hayo hutauelewa wivu wangu.

Nilipoanza kazi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wanawake waliokuwa na magari yao wenyewe upande wetu wa Nyakach ungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mimi nilikuwa mmoja wao. Gari langu la kwanza lilikuwa Volkswagen ya rangi ya chungwa, ile ambayo watu huiita kobe, niliyouziwa na mwalimu mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Tope jeusi la tambarare za Kano likiinasa, wasichana wangu wa kidato cha tatu walitoka kuisukuma huku wakiimba nyimbo za kanisani, na mimi ndani nikiitikia. Baada yake nikapata Datsun nyeupe. Hiyo sina mengi ya kusema juu yake. Ilikuwa kama mume mtulivu: ilinifikisha nilikokwenda. Nasema hivyo, ingawa mume mwenyewe sikuwahi kuwa naye.

Kisha ikaja Pijo.

Pijo 404, buluu kama anga la saa tatu asubuhi baada ya mvua. Gia yake ilikuwa kwenye shingo ya usukani, na kuibadilisha kulikuwa kama kufungua ukurasa wa kitabu unachokipenda. Jumamosi niliipeleka Kisumu ufukweni, nikaiingiza majini mpaka nusu ya magurudumu, nikapandisha sketi na kuiosha mwenyewe. Wanaume walikuwa wakiniambia, "Madam, acha tukusaidie." Nilikataa. Sikutaka mkono wa mtu mwingine uiguse. Huko Katito na Pap Onditi kila mtu aliijua. Ikionekana vumbi lake tu, watu walisema, "Gari ya Madam hiyo inakuja."

Nilikaa nayo miaka miwili. Kisha mama akaugua, matibabu yakawa Nairobi, na ikabidi niiuze. Aliyeinunua alikuwa Bwana Okelo, muuza mbao. Alikuwa na duka lake Katito, na nyumba yake ilikuwa Otonglo, ukishapita uwanja wa ndege wa Kisumu. Mtu mpole, mwenye heshima. Nilimkabidhi ufunguo mmoja. Aliponiuliza wa akiba, nikamwambia umepotea. Haukuwa umepotea. Ulikuwa chini ya mkoba wangu, na nikatembea nao miaka minne. Kwa nini? Usiniulize. Wakati mwingine, nikiwa nasubiri usafiri juani, niliingiza mkono na kuupapasa tu.

Umewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu ya chuma? Mimi nilimwonea Okelo wivu mpaka usingizi ukanihama. Alipofunga mbao juu ya paa la Pijo, niliona kama mtoto wangu anabebeshwa mzigo. Alipoweka maua ya plastiki mbele ya usukani, nilisonya njia nzima. Siku moja wakanipita, mkewe Anyango amekaa mbele, anajirekebisha kilemba kwenye kioo changu. Sema ukweli, ungefanyaje? Mimi nilisema kwa sauti, mwalimu mwenzangu akisikia, "Heri izame ziwani kuliko huyu aendelee kuiendesha."

Neno hilo lilitoka kinywani mwangu. Sikuweza kulirudisha.

Sasa ilikuwa Ijumaa moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, msimu wa mvua ndefu. Nilimaliza kipindi cha mwisho saa tisa, nikapata lifti mpaka Katito, nikasimama chini ya paa la duka nisubiri gari la kwenda Kisumu. Kando yangu alikuwa mama mmoja muuza nyanya, amefunika bidhaa yake kwa karatasi ya nailoni. Mvua ilikuwa inapiga mabati, huwezi kusikia mtu.

Pijo ikatokea kwenye barabara ya Kendu Bay. Moyo ukanishtuka kama kawaida yake. Ilikuja polepole, ikasimama mbele yangu kabisa. Okelo alikuwa kwenye usukani, amelowa, shati limemganda mwilini. Akateremsha kioo.

"Madam, ingia. Lakini endesha wewe."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Niendeshe mimi?"

"Si umeitamani miaka yote? Kuja, nifikishe nyumbani."

Nikajifunika kichwa kwa mkoba, nikazunguka mbio hadi upande wa dereva. Nilipofungua mlango, kiti kilikuwa wazi. Okelo alikuwa amekaa nyuma tayari. Sikusikia mlango wa nyuma ukifunguka wala kufungwa. Niamini, hata hilo halikunisimamisha. Furaha ilikuwa imeniziba macho. Nilikaa, nikashika usukani, na mwili wangu wote ukaukumbuka.

"Kwa nini umekaa nyuma, Bwana Okelo, kama waziri?"

"Hapo mbele ni pa bibi yangu," akasema.

Tukaondoka. Injini ilikuwa inaitikia mguu wangu kama zamani, na mimi nilikuwa naona fahari na uchungu kwa pamoja, maana nilijua nikifika Otonglo nitaiacha tena. Tulipofika karibu na Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, ndipo akazungumza.

"Madam, hii gari nilinunua, lakini haikukuwa yangu hata siku moja."

"Unasema nini?"

"Kila mahali wanaita gari ya Madam. Pale Katito, gari ya Madam. Kanisani, gari ya Madam. Hata watoto wangu, yawa! Mimi mwanaume mzima, nilikuonea wivu mpaka nikafikiria kuipaka rangi nyeusi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na wewe pia ulinionea," akasema. "Nilikuwa naona vile unaangalia. Wivu wako ulikuwa unanifuata nyuma kama gari ingine."

Aibu ilinipanda. Nikainua macho nimtazame kwenye kioo. Tulikuwa tumetoka mvuani zaidi ya robo saa. Barabara ilikuwa kavu, jua limechomoza. Lakini maji yalikuwa bado yanamtoka Okelo kwenye nywele, yanapita kidevuni, yanadondoka. Hayapungui. Na gari lote lilikuwa linanuka magugu ya ziwani.

Ungesimama? Mimi pia nilijiambia nisimame. Mguu ukakataa. Nilijipa maneno ya kujituliza: mtu huyu ana homa, lazima afike kwake. Tukaingia Kisumu, tukapita katikati ya mji. Fundi viatu mmoja anayenijua akanipungia mkono, "Madam! Umerudisha gari yako!" Nilitaka kumpigia kelele aje. Sauti haikutoka.

Tulipopita uwanja wa ndege jua lilikuwa limeinama. Okelo akasema, taratibu kabisa, kama mtu aliyechoka na safari:

"Asubuhi tuligombana na Anyango. Akaniambia, enda na usirudi. Mwambie nilirudi."

Nikakata kona, nikaingia langoni mwake, nikazima injini, nikageuka. Nyuma hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa kimelowa, na maji yamejaa kwenye sakafu ya gari.

Anyango akatoka jikoni akijipangusa mikono. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti. Alianza na tabasamu la kumpokea mtu, kisha akaniona mimi kwenye usukani, na tabasamu likafa.

"Mume wangu ako wapi?"

Niligeuka tena kukitazama kiti cha nyuma.

"Nakuuliza, Madam. Gari ya mume wangu uko nayo. Yeye ako wapi?"

"Alikuwa hapa nyuma. Sasa hivi."

Alichungulia ndani. Kisha akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Kwa hivyo ni wewe," akasema. "Nilijua ako na mtu. Leo asubuhi nilimwambia, akakataa. Kumbe ni wewe!" Akanichapa kofi ambalo nalisikia shavuni hata sasa ninapokusimulia. Majirani wakatoka. Alikuwa ananivuta nguo, anasema nimeuza gari ili nipate mwenye gari.

Tulikuwa bado tunavutana wakati shemeji yake alipofika kwa baiskeli. Hakushuka vizuri, baiskeli ilianguka yenyewe. Akasema simu imepigwa kwenye duka la hapo Otonglo kutoka Kendu Bay. Okelo aliegesha gari ufukweni asubuhi, akapanda mtumbwi na watu wawili kwenda kuangalia mbao ng'ambo. Upepo ukawapindua. Wale wawili waliogelea wakatoka. Okelo alizama saa sita mchana.

Saa sita. Mimi nilimpata Katito saa kumi.

Unafikiri polisi walinielewa? Walinihoji siku mbili. Mlinzi wa ufukweni alisema aligeuka kidogo tu, gari likawa halipo. Mama muuza nyanya alisema aliniona nikikimbia mvuani, nikaingia kwenye gari ambalo halikuwa na mtu, akashangaa limefikaje. Mwalimu mwenzangu akaulizwa, naye akayasema yale maneno yangu ya kuzama ziwani. Kilichoniokoa ni wasichana arobaini niliokuwa nawafundisha mpaka saa tisa. Singeweza kuwa darasani na Kendu Bay kwa wakati mmoja. Wakaniachilia, lakini walinitazama vibaya, na sikuwalaumu. Siku ya tatu mwili ulipopatikana, ufunguo wa Okelo ulikuwa mfukoni mwake. Ule uliokuwa kwenye gari, nilioendeshea kutoka Katito, ulikuwa wa akiba, wangu. Naapa mbele ya Mungu, sikuutoa mkobani siku ile.

Nilikwenda matangani. Ndugu zake walitaka kunifukuza, lakini nilikuwa na ujumbe wa mtu. Nikapenya mpaka pale Anyango alipokuwa ameketi, nikainama, nikamwambia sikioni, "Alisema ulimwambia aende na asirudi. Akasema nikuambie alirudi."

Kilio kilimkatika. Maneno yale ya asubuhi waliyasema wawili, chumbani, mlango umefungwa. Alinishika mkono, wala hakunishika kwa hasira.

"Alisema kwa sauti gani?"

"Ya kawaida. Kama mtu aliyechoka."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Mimi nikadhani yamekwisha. Kisha akainua uso, na nikauona wivu ukirudi machoni mwake.

"Sasa kwa nini alipanda na wewe? Mimi nilikuwa hapa. Nilikuwa nimepika. Kwa nini hakunijia mimi mwenyewe?"

Miaka imepita, nikikutana naye sokoni Otonglo anawapa wote mkono, mimi ananipa macho tu, na swali ni lile lile. Hajaolewa tena. Baada ya mazishi alimtuma shemeji yake aje aniambie nilichukue gari langu, bure. Lile gari nililolililia miaka minne! Nikakataa. Likauzwa kwa mtu wa upande wa Busia, na sijawahi kuuliza liko wapi.

Na kwa kuwa nimeamua kukwambia ukweli, acha niumalize. Watu hudhani ninachokiogopa ni yale maji kwenye kile kiti. La. Kinachoniamsha ni kwamba mimi pia bado namwonea Anyango wivu, na safari hii si kwa ajili ya gari. Mtu alizama, akafa, na bado akatafuta njia ya kufika kwake kabla ya giza. Mimi nimeendesha magari mengi maishani, lakini hakuna aliyewahi kutaka kufika kwangu namna hiyo.

Basi wewe unayenisikiliza, ukiuza kitu ulichokipenda, kiuze pamoja na mapenzi uliyokuwa nayo kwake, kiende na mwenyewe mpya. Usimtazame aliyekinunua kwa jicho baya, wala usimtamkie neno usilotaka litimie. Na siku ukiwa umesimama kando ya barabara, ukaona gari lako la zamani linakuja, geuza uso uangalie kwingine. Likisimama mbele yako, hata kama mvua inanyesha, hata kama unamjua dereva, usipande.