Galoni ya Kaporali

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, maana kitu ninachotaka kukuonyesha ni kidogo. Ni galoni. Sisemi ile ya kupimia mafuta. Kwetu Goma galoni ni kile kipande cha kitambaa chenye mistari kinachoshonwa kwenye mkono wa koti la askari, ili anayekutana naye ajue cheo chake. Wakubwa wenye nyota mabegani tuwaache. Mimi nilikusanya galoni za wadogo: kaporali, sajenti, na ajuda, ambaye yuko juu ya masajenti wote lakini bado hajawa ofisa.

Usihofu kwamba hujui mambo ya jeshi. Mimi sikuwahi kushika bunduki; nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Galoni nilizipata kwa mama, ambaye alikuwa na cherehani karibu na kambi ya Katindo. Askari akipandishwa cheo alileta koti, mama akafumua galoni ya zamani na kushona mpya. Ile iliyofumuliwa askari aliiacha mezani. Wengi hawakutaka kurudi nayo nyumbani; waliona kama cheo cha chini kingejifunza njia ya kuwarudia. Mama naye hakuwa mtu wa kutupa kitambaa. Alizitia kwenye kikapu cha vifungo, na mimi, nikiwa bado mwanafunzi, nikaanza kuzitenganisha.

Mwanzoni nilitenganisha kwa kuhesabu mistari tu, na nilikosea sana. Mistari inakuambia cheo, haikuambii jeshi lipi wala wakati gani, na mji wetu umepitiwa na majeshi mengi. Baadaye nilijifunza kuangalia upande wa nyuma. Galoni za wakati wa Wabelgiji nilizoziona zilikuwa za sufu nzito, ukingo umekunjwa ndani na kushonwa kwa uvumilivu. Zile za miaka iliyofuata zilikuwa za pamba au nailoni, nyepesi, zimetoka kiwandani zote sawa. Galoni za waasi zilikatwa kwenye chochote kilichopatikana: mkoba, suruali, turubai. Ukingo wake haukukunjwa, na rangi mara nyingi ilipakwa kwa burashi. Kama huna uhakika kati ya sufu na pamba, lowesha kidole, gusa kitambaa, kisha nusa. Sufu ikilowa hunuka kondoo. Jaribu mara mbili tatu na pua yako itazoea.

Uasi ulipoingia mjini, kikapu kikawa hatari. Nyumba zilisachiwa, na kitambaa cha jeshi lililoshindwa kilitosha mtu kuchukuliwa. Majirani walichoma moto hata suruali za kaki za shule. Mama hakuchoma. Alifungua mto wa kitanda, akazitia galoni katikati ya pamba, akashona tena. Ndiyo maana volkano ilipolipuka na moto wa mawe ukashuka kupitia Munigi hadi katikati ya mji, sisi tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na kichwa cha cherehani, sufuria, na ule mto. Tulilala juu ya saruji ya uwanja wa kanisa. Mama aliniambia, "Lala vizuri, mwalimu. Masajenti wote wako chini ya kichwa chako."

Tuliporudi, nyumba yetu ilikuwa imesimama. Ya jirani yetu muzee haikuonekana hata bati. Ilikuwa chini ya jiwe jeusi ambalo bado lilitoa joto ukilikaribia. Muzee huyo alikuwa amehudumu katika jeshi la Wabelgiji akiwa kijana, akatembea hadi vitani Abisinia, Ethiopia ya leo, na kurudi. Kwa miaka yote koti lake lilining'inia nyuma ya mlango, na sasa lilikuwa limeungua pamoja na mlango. Binti yake, mama wa watoto wengi aliyeuza unga wa muhogo, alimchukua akae kwake Katindo. Macho ya muzee yalikuwa yamekwisha, na kifua kilimbana tangu siku za ule moshi.

Siku moja binti alikuja kuniita. Akasema baba yake anataka kitu ambacho labda mimi ninacho, na nije nacho mchana, kabla hajachoka. Muzee alikuwa ameshamwambia binti kitu chenyewe kwa sauti ya chini: galoni ya kaporali, ya zamani kabisa, ya kuzikwa nayo.

Nilikuwa nazo mbili zilizofanana kwa mistari. Moja niliamini ni ya kweli. Ilitoka kwenye koti ambalo mjane mmoja alimletea mama amshonee mtoto suruali. Ya pili ilikuwa ya baadaye, imeigwa vizuri. Nilizifunga kwenye leso, nikaenda.

Kumbe mtoto wa kiume wa muzee alikuwa amefika. Alikuwa askari wa uasi uliokuwa ukitawala mji, sajenti, na alikaa kwenye kiti pekee cha nyumba hiyo akiwa na bunduki kati ya magoti. Nilisimama mlangoni na leso yangu mkononi, nikatamani kurudi.

"Ingia, mwalimu," muzee akasema kutoka kitandani. "Nimesikia viatu vyako. Uko nayo?"

"Ninazo mbili, muzee. Sina hakika kamili ni ipi."

"Mbili za nini?" mwanawe akauliza.

"Za kaporali," dada yake akajibu.

"Kaporali wa nani? Papa alikuwa ajuda. Mimi nimekwisha kusema kwa wakubwa wangu. Watakuja kumpa heshima kama ajuda."

Hapo ndipo nilipoelewa shida ya yule binti. Muzee akifa, huyu kaka ndiye angesema mbele ya watu, na muzee angezikwa na cheo asichokitaka.

Muzee alicheka hadi kikohozi kikamkata. "Ajuda wa msituni," akasema. "Sikiliza, mutoto wangu. Mimi nilikwisha kutoka jeshini, niko katika safari zangu za kununua ng'ombe. Waasi wale wa baada ya uhuru wakanikamata njiani kwa sababu nilijua kupanga watu mustari. Asubuhi tulikuwa makaporali wengi. Mangaribi hakubaki kaporali hata mumoja, wote ajuda, wote kapiteni. Sasa nani atachota maji?"

Binti alicheka akijifunika mdomo. Kaka yake hakucheka.

"Cheo ni cheo, papa. Ulipewa."

"Nilipewa na mutu mwenye yeye mwenyewe alijipa. Ile ya kaporali nilipewa barabarani, watu wangu wakikufa kwa tumbo, na mimi nawabebea mizigo yao. Wamebaki kule. Wananijua kaporali. Nikifika kwao na ya ajuda, wataniuliza nimeiiba wapi."

Nilifungua leso, nikamwekea galoni ya kwanza kiganjani. Aliipapasa, akageuza, akafuata ukingo kwa kidole gumba. Kisha alilamba kidole, akakisugua kwenye kitambaa na kukipeleka puani. Akanirudishia. Nilimpa ya pili. Alifanya vilevile, lakini hii hakuirudisha. Aliishikilia puani kwa muda mrefu. Muzee huyu alikulia kwenye mifugo ya Masisi, na sikuwa na la kumfundisha kuhusu kondoo.

"Hii," akasema. "Hii ilishonwa na mutu mwenye alikuwa na muda."

Ilikuwa ile ya mjane, nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Sikuwa na nyingine kama hiyo, na sijapata nyingine tangu hapo.

Mwanawe alinigeukia. "Mwalimu, vitu hivi vya jeshi umevitoa wapi?"

Nilianza kukunja leso. Nikajua nikisema mto wa mama, mto utapasuliwa siku hiyohiyo.

"Usimuulize mwalimu maulizo ya barieri, kama umemusimamisha barabarani," muzee akasema. "Leta mukono wako hapa."

Kijana alisita, kisha akasogea na kupiga goti. Muzee alitafuta galoni ya sajenti kwenye mkono wa koti la mwanawe, akaingiza ukucha chini ya ukingo uliokuwa umeanza kuachia, akainua kidogo. Kwa ndani ilikuwa ya bluu, inang'aa. Sote tuliijua plastiki hiyo. Nusu ya mji wakati ule ilikuwa inalala chini yake.

"Turubai," muzee akasema, bila dharau. Akaulaza ukingo kwa kidole gumba kama mtu anayemfunga mtoto kifungo. "Sikukatazi. Vaa. Lakini mimi unipe ile yangu."

Kijana alibaki amepiga goti. Mwishowe alisimama, akachukua bunduki, akatoka bila kuaga. Galoni nikamwachia muzee.

Muzee alifariki kabla mvua hazijakatika. Matanga yalifanyika uani kwa binti, na nilipofika nilimkuta kijana ameketi pembeni, koti kuukuu la kaki la kumzikia baba mapajani, sindano mkononi. Alikuwa ameanza kushona galoni ya sufu mwenyewe, vibaya, mishono mirefu. Aliniona akasema, "Mwalimu, inapinda." Nilikaa karibu naye nikamwonyesha: anza kwenye ncha ya chini, shika pembe mbili za juu kwa pini, kisha mishono midogo, usivute uzi. Alifumua yote akaanza upya. Tulifanya kazi hiyo pole pole, wanawake wakiimba.

Wakubwa wake walikuja kweli, wawili, na kofia safi. Mmoja aliinama juu ya jeneza, akaangalia mkono wa koti, akauliza kwa sauti ambayo sote tuliisikia:

"Si ulituambia ajuda?"

Kijana alikuwa amesimama wima.

"Nilikosea, mon commandant. Baba yetu alikuwa kaporali."

Yule mkubwa alimtazama, kisha akamtazama marehemu. Akapiga saluti fupi, na mwenzake akafuata. Jeneza likafunikwa. Msalabani kijana aliandika neno moja tu juu ya jina, kwa rangi nyeupe, na dada yake akasoma kwa sauti ili shangazi zake wasiojua kusoma wasikie.

Watu huniuliza kama sikuumia kuzika kitu ambacho sitakipata tena. Niliumia, siwezi kukudanganya. Lakini kilichonisumbua zaidi ni jinsi mambo yalivyokaribia kwenda vingine. Kama binti asingeniita mchana ule, muzee akiwa bado na sauti, tungemzika ajuda, sote kwa mapenzi mema.

Kwa hiyo kama nyumbani kwenu yuko mtu aliyewahi kuvaa galoni, nenda leo ukakae karibu naye. Muulize ni ipi anayoiona kuwa yake, na aliipataje. Mwambie ajibu mbele ya mwanawe na binti yake, wote wawili wakisikia.