Tuliposhika Njia ya Chini

Iko siku moja ya mwezi wa kumi, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka chakula hakinishuki. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, nafanya kazi ofisini, nakaa Bawshar, hapa Maskati, na nilijiona najua kila kitu. Nakuhadithia leo kwa sababu nawaona nyinyi vijana, joto likishavunjika tu, mnafunga mikoba mwende mkalale majabalini na kuvua. Si jambo baya hilo, nami nilikuwa hivyo hivyo. Ila kuna neno nataka ulisikie kwangu kabla halijakufika mwenyewe.

Nasoro alikuwa mtoto wa shangazi yangu, Bi Zuwena, aliyekuwa akikaa Hamriya juu ya duka la vitambaa. Sote tulizaliwa Unguja tukaletwa Maskati wadogo. Bi Zuwena hakuwa na mtoto mwengine. Nasoro alikuwa mnene kidogo, mcheshi, mwoga wa nyoka, hodari wa kupika. Popote nilipomwambia twende alikwenda, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Safari ilikuwa ya siku mbili tu. Kuna hori moja, ghuba ndogo ya bahari, baina ya Maskati na Qurayat, wakati huo gari haifiki, na humo changu na chewa walikuwa wengi hata unavua kwa mshipi wa mkono umekaa juu ya jiwe. Gari unaiacha kijijini, kisha unatembea. Njia zilikuwa mbili. Ya juu inapanda mgongo wa jabali, jua utosini, saa nne nzima. Ya chini inafuata ubavu wa bonde, saa mbili, nayo ina migunga na mikunazi iliyosongamana mpaka sisi tukaiita msitu. Wenzetu wa ofisini waliozaliwa huku huku walikuwa wakitucheka kwa neno hilo. Waache wacheke. Mtu aliyezaliwa Unguja akiona kivuli cha miti mitatu moyo wake hufunguka. Mwaka uliotangulia niliipita njia ile ya chini nikarudi naisifu kwa kila mtu, kwa hivyo safari hii sikujiuliza hata mara moja tupite wapi. Njia nilishaichagua nikiwa kwenye kiti changu Bawshar.

Tulifika kijijini asubuhi, jua bado changa. Nje ya nyumba ya kwanza alikuwa amekaa mzee mmoja juu ya mkeka, birika la kahawa na sahani ya tende mbele yake. Aliitikia salamu yetu, akatukaribisha tukae.

Hapa lazima nikueleze desturi ya watu wale, maana ndiyo iliyonishinda. Mgeni akifika hukaa, hunywa kahawa, kisha huulizwa khabari. Hujibu hakuna khabari ila ya kheri. Naye humuuliza mwenyeji, na mwenyeji hujibu vile vile. Ukisikiliza kwa haraka utadhani wanapoteza wakati bure. Khabari zenyewe, nani amekufa, kisima kipi kimekauka, njia ipi imeharibika, huja kwenye finjani ya pili au ya tatu, polepole, ili mgeni asijione anafundishwa. Sisi tuliolelewa mjini, katika nyumba za Kiswahili, desturi hii tuliijua nusu. Maneno yake tulikuwa nayo, kazi yake hatukuijua.

Nasoro alishaanza kuvua viatu.

"Tukae kidogo, Saidi. Mtu mzima huyu."

"Tukikaa hapa tutaondoka adhuhuri," nikamwambia. "Vaa viatu vyako."

Nikaweka mkono kifuani, nikamwambia mzee kwa Kiarabu kwamba Mungu amzidishie, tuna haraka, tutakunywa kesho tukirudi. Alikuwa ameshika finjani aliyokwisha kuitia kahawa. Alitutazama, akasema kheri inshallah, akainywa mwenyewe.

Njia hugawanyika nyuma ya mashamba ya mitende, mahali ambapo kwa yule mzee hapaonekani. Mwanzo wa njia ya chini tulikuta matawi ya mgunga yamelazwa kutoka jiwe hadi jiwe, yamekauka, miiba nje. Nasoro alisimama.

"Mbona pamezibwa?"

"Mbuzi hao. Wanazuiliwa wasishuke."

"Turudi tukamuulize yule mzee."

"Nasoro, njia hii mimi nimeshaipita."

Nikayasukuma matawi kwa mguu, tukapita. Mwanangu, sikuwa na ushahidi wowote wa mbuzi. Nililitoa neno lile ili asinicheleweshe, na baada ya kulisema nikaliamini mwenyewe.

Tulitembea karibu saa nzima chini ya miti, na sitakuficha, ilikuwa raha. Mimi mbele na mishipi na ndoana, yeye nyuma na maji, mchele na masufuria. Mizigo yote mizito ilikuwa mgongoni mwake kwa kuwa nilimtania kwamba mpishi hubeba jiko lake. Kisha tukafika pale ambapo njia inabanwa na jabali, imebaki upana wa unyayo mmoja na nusu, imejengewa kwa mawe ya kupanga. Nilipita. Katikati nilihisi jiwe moja linacheza chini ya mguu wangu. Sikugeuka, sikusema kitu.

Nilisikia kwanza masufuria yakiporomoka bondeni. Sauti ya Nasoro nilikuja kuisikia baadaye, niliposhuka kwa mikono na magoti mpaka pale alipolala. Alikuwa amelala ubavu, macho wazi, na miguu haisikii.

"Usimwambie mama nimeanguka," aliniambia. "Mwambie nimeteguka tu."

Nilikimbia kurudi kijijini. Mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa yule mzee, na hakuniuliza hata swali moja. Aliwaita wanawe, wakabeba kitanda cha kamba, wakaenda kwa kasi ambayo mimi kijana sikuiweza. Walimtoa Nasoro bondeni kwa upole mkubwa. Alikata roho ndani ya gari, kabla hatujaifikia lami, kichwa chake kiko mapajani mwangu.

Siku ya tatu ya msiba mzee yule alikuja Hamriya pamoja na mkewe. Mke aliingia ndani kwa wanawake, yeye akakaa nasi wanaume. Alipotaka kuondoka alinishika mkono, tukatoka hadi kwenye ngazi.

"Mvua ya kiangazi iliila njia ile," alinambia kwa sauti ndogo. "Wanangu ndio walioweka miiba. Mimi nilidhani mnakwenda juu, kwa kuwa sote siku hizi tunapita juu. Ungekaa ningekwambia." Akaniachia mkono, akasema, "Kahawa ile haikuwa ya kukata kiu."

Hakukasirika. Laiti angenipiga kibao ningejisikia nafuu.

Jioni ile ile, watu walipopungua, shangazi aliniita. Aliniuliza tulipita njia gani, na kama hapakuwa na mtu wa kutuonya. Nikamtazama usoni nikamwambia, "Hapakuwa na mtu, shangazi. Njia ilikuwa nzima. Ajali tu, Mungu kapanga." Na Mungu kapanga kweli, lakini nililitumia jina Lake kujifichia, na hilo ni kosa jengine juu ya lile la kwanza.

Nikaanza kwenda kwake kila Ijumaa baada ya sala. Watu walinisifu, wakasema angalieni Saidi anavyomtunza shangazi yake. Ananipa chai ya tangawizi na kipande cha mkate wa kumimina, tunazungumza habari za jamaa wa Sib, nani kaoa, nani kajenga, kisha naondoka. Nilifanya hivyo zaidi ya miaka kumi. Tukaingia miaka ya elfu mbili, Hamriya ikabadilika watu na maduka, macho yake yakaingia ukungu, na mimi bado nakunywa chai yake.

Ijumaa moja nilimkuta amelala, homa imemchosha. Niliogopa. Nikakaa chini kando ya kitanda nikamwambia yote, mzee, kahawa, miiba, mpaka lile jiwe lililocheza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Najua," akasema. "Kahawa najua, na miiba najua. Mke wa yule mzee alinambia siku ile ya tatu, analia, masikini. Ndipo nilipokwita nikakuuliza. Nlitaka kusikia kwako."

Akajivutia shuka, akaendelea.

"Kila Ijumaa ukija nasema leo atanambia. Ukishamaliza chai, ukenda zako."

Nikamuuliza kama anaweza kunisamehe.

"Nlikusamehe zamani, baba. Lakini umeniacha nimlie Nasoro peke yangu. Wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho, Saidi, na mpaka leo mimi sijui mwanangu alisema nini."

Nikamwambia aliyoyasema. Aligeukia ukutani akalia, na mimi nikalia mgongoni kwake, na Ramadhani iliyofuata hakuiona.

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Njia usiichague ukiwa kwenu, kwa kumbukumbu ya mwaka jana wala kwa ramani ya simu. Ichague kwa mdomo wa mtu aliyeamka hapo leo, na akikwambia kaa, kaa, hata kama samaki wote watakwenda zao. Pakiwa pamezibwa rudi ukaulize, na jiwe likicheza chini yako, mwambie anayekufuata. Na ukishakosa, kwa kuwa utakosa tu, usimpelekee mwenye msiba chai na mazungumzo. Mpelekee ukweli wake siku ile ile, maana ni wake, si wako.

Mwenyezi Mungu akupe mwenzi mwema wa safari na akurudishe kwa mamako ukitembea kwa miguu yako. Na ikifika siku una neno zito la kumwambia mtu, Yeye akufungue ulimi wakati mtu huyo angali na miaka ya kuishi nalo.