Mitego Iliyobaki Buleusa

Constance alikuwa amemfunga Bibiche kwenye rond-point ya Goma, pale barabara zote zinapokutana, na sasa hakujua namna ya kumfungua.

Bibiche hakuwa mtu wa nyama na damu. Alikuwa dereva wa pikipiki katika vitabu vinne ambavyo Constance alivitunga kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akiwa katika kambi ya wakimbizi wa vita ya Kitshanga, akavichapisha kwa fotokopi sokoni na kuvishona kwa uzi. Mwandishi yeye, mhariri yeye, mchuuzi yeye. Hadithi ilikuwa hivi: vita vilipoutikisa msitu wa Walikale, mizimu nayo ilikimbia kama watu, ikaingia mjini Goma, na kwa kuwa haikujua mitaa, ikahitaji pikipiki. Bibiche ndiye aliyeibeba. Mizimu ilibishana naye nauli, ikalalamikia mashimo ya barabara, na mzimu mmoja wa sokwe ulikataa katakata kuvaa kofia ya chuma. Wasomaji walishika mbavu.

Mwishoni mwa kitabu cha nne Constance akajitia ujanja. Mzimu wenye kinyongo ulimroga Bibiche, kwamba barabara yoyote atakayoishika kutoka kwenye rond-point itamrudisha pale pale. Alidhani atamtoa baada ya kurasa chache tu. Kumbe kamba ile alikuwa akiisokotea shingo yake mwenyewe.

Alijaribu kumpitisha barabara ya Sake. Kabla sura haijaisha, wakafika kambini watu wenye magodoro kichwani, wakasema Sake hakupitiki. Akajaribu ya Ngungu, wakaja wengine wenye tope hadi magotini na habari ile ile. Kila sentensi iliyomtoa Bibiche ilimtia Constance aibu, kwa sababu yeye mwenyewe, tangu akimbie kijiji chao cha Buleusa, msituni Walikale, pamoja na baba yake, hakuwa amevuka soko la ng'ombe la Kitshanga. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Constance hakuwa na bunduki wala ugomvi na mtu, na alikuwa ndani.

Msomaji wake mkali kuliko wote alikuwa Murekatete, muuza maziwa kutoka milima ya Masisi, aliyewasomea wateja wake vile vitabu wakati maziwa yakipimwa.

"Mama Constance, Bibiche alishatoka?"

"Bado, dada."

"Usimutoe na dawa ya muchawi, unasikia? Siye hapa hatuna muchawi wa kututoa. Ukidanganya, batu batajua."

Siku hiyo Murekatete alikuwa ameleta nyama. Ng'ombe wake mmoja alivunjika mguu kwenye mteremko, ikabidi achinjwe, na alikumbuka kwamba kule zahanati walisema mzee Isidore, baba yake Constance, anahitaji chakula cha nguvu. Constance aliipika kwa ndizi hadi harufu ikajaa chini ya shitingi, turubai walilopewa kuwa nyumba. Mzee alitazama sahani, akageuza uso.

"Unajua sikulake nyama, Constance."

Alijua kwamba mzee hagusi nyama, na ilimkera mpaka machozi. Mzee Isidore alikuwa mtega wanyama tangu ujana, na katika ukoo wao mtu haondoki msituni akaacha mitego imetegwa. Mnyama anayenaswa na asichukuliwe anakufa bure, na kufa bure kwake kunamfuata aliyetega. Mwenye mitego hagusi nyama mpaka mitego hiyo iteguliwe, kwa mkono wake au wa damu yake. Akitumwa mtoto, kazi yake haiishii msituni: anarudi, anaketi mbele ya mzee, na kuusimulia mtego mmoja baada ya mwingine, namna alivyoukuta na alivyouacha. Hapo ndipo kazi huhesabiwa imekwisha.

Isidore alikimbia risasi zikilia, mitego yake yote ikiwa bado imetegwa. Paroko alimwambia kwamba Mungu hamdai mitego. Mzee aliitikia amina, na nyama hakula. Sasa mifupa ya kifua chake ilihesabika, na Constance aliogopa kwamba atamzika hapa, ugenini, mtego wake wa mwisho ukiwa bado unangoja.

Kwa hasira tu, akashika simu na kuandika. Safari hii Bibiche hatafuti njia. Anazunguka pale pale hadi anasimamishwa na abiria wadogo, mizimu ya wanyama waliooza kwenye mitego isiyo na mwenyewe. Wanataka kurudishwa Buleusa. Uchawi uliomfunga Bibiche haukuwahusu wao, basi alipowabeba, barabara ikanyooka. Constance aliandika siku nzima bila kuinua kichwa, akitumia vijia vyote alivyovijua tangu utoto, alipokuwa akimfuata baba yake na kumbebea nyaya.

Mvua ya jioni ilipokatika, alimsomea mzee. Mzee alifumba macho. Bibiche akafika kwenye kijito, akategua mtego wa kwanza.

"Nani aliteguwa?" mzee akauliza.

"Bibiche, Papa."

"Mutoto wa nani, ule?"

"Hana muzazi. Ni wa mu kitabu tu."

"Basi mitego iko vile vile."

Constance aliogopa kumdanganya mzee mgonjwa, na aliogopa zaidi kutomdanganya. Halafu akainua simu na kurudi mwanzo wa ukurasa, na kila alipolikuta jina la Bibiche akasema "miye".

"Miye nilifika ku kijito. Nilikuta mufupa ya muguu wa paa. Nikaizika, nikakunja waya. Miye nilipanda kwa njia ya nguruwe. Kamba ilikuwa imeoza, nikakata muti wake."

Mzee alifumbua macho. Hakuwa mtu wa kupotelewa na akili, alijua binti yake hajatoka kambini. Lakini aliketi wima, kama mwenye mitego anavyoketi, akauliza juu ya kila mtego, naye akajibu, mpaka ule wa chini ya mwamba, wa mwisho.

"Sogeza sahani," akasema.

Alikula polepole, bila kuacha kitu. Constance alimtazama akijua alichokifanya. Kilichosimuliwa mbele ya mwenye mitego hakibadilishwi, na jina la Bibiche halingerudi tena katika sura ile. Njia pekee iliyowahi kufunguka alikuwa ameitumia yeye. Kule Goma, Bibiche aliendelea kuzunguka, na Murekatete angeuliza tena kesho.

Mzee alipangusa vidole, akamshika mkono.

"Umeshafika kwetu, mutoto wangu. Sasa usirudi tena huku kambini."

Nje, watu wapya walikuwa wakipanga foleni ya shitingi.

"Sitarudi, Papa," akasema Constance.