Asubuhi Bi Zuhra Aliposema Amekosea

Kitongoji cha Ruwele kilikaa miezi minane bila mwenyekiti. Ilikuwa ile miaka ya hofu upande wa Kibiti, viongozi wa vijiji walipokuwa wakiuawa majumbani mwao, na mwenyekiti aliyekuwepo alifunga mizigo yake asubuhi moja akaenda kwa shemeji yake Mbagala. Hakurudi tena. Hata hofu ilipopungua na watu wakaanza tena kukaa barazani baada ya magharibi, kiti kile kilibaki kama chungu kilichotoka motoni sasa hivi: kila mtu anakiona, hakuna wa kukigusa.

Mkutano ulipoitishwa kumchagua mwingine, afisa mtendaji wa kijiji aliuliza majina mara tatu. Watu wakawa wanaangalia vidole vyao vya miguu. Ndipo akasimama Zuhra Nassibu, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mkulima wa mpunga na msukaji wa mikeka. Hakusimama kugombea. Binti yake Hafsa alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha uuguzi, na chuo kilitaka barua ya utambulisho.

"Mie nauliza tu, mheshimiwa," alisema. "Barua ya mwanangu inataka sahihi ya mwenyekiti. Sasa nimpeleke kwa nani, kwa kiboko?"

Watu waliangua kicheko. Kabla hakijaisha, Abdalah, muadhini wa msikiti, akanyanyua mkono. "Kwani huyu ana ubaya gani? Tumpe yeye!" Mikono ikanyooka upesi upesi, na Zuhra alijua vizuri kwa nini. Kila aliyenyoosha alikuwa anaiokoa nafsi yake.

Mumewe, Saidy, aliporudi kutoka kuvua kamba huko Salale, alimkuta na muhuri mezani.

"Umekubali?"

"Sikukubali. Nimekubalishwa."

Saidy aliugeuza ule muhuri mkononi, akaurudisha mahali pake. "Basi Mungu akulinde," alisema, akaenda kuoga.

Mungu alimlinda. Hakuna aliyegonga mlango wake kwa ubaya. Tatizo lake lilikuwa jingine kabisa, na hakumwambia mtu: hakujua mwenyekiti anaongeaje. Wenyeviti wote aliowahi kuwaona walikuwa wanaume wenye vifua, waliokohoa kwanza ndipo wakasema. Basi naye akajitengenezea sauti. Nyumbani aliongea kama Zuhra, mwepesi wa utani, mwenye maneno ya Kindengereko yanayoponyoka katikati ya Kiswahili. Akisimama mkutanoni aliikaza shingo, akaongea mazito: "Ndugu wananchi, suala hili linafanyiwa kazi." Watu walimsikiliza. Akadhani wanamheshimu. Kwa miaka sita mambo yakaenda hivyo, migogoro ya mipaka, nguruwe wa porini, choo cha shule, na kila kitu kikawa kinafanyiwa kazi.

Mwaka wa mafuriko makubwa, mvua zilianza mapema na hazikutaka kukatika. Mwezi wa nne ulipoingia, simu ilikuja kutoka ofisi ya kata: waliopo bondeni wajiandae kuhama. Haikusema lini. Zuhra aliitisha mkutano, na mtu wa kwanza kusimama alikuwa Sadallah, mvusha watu, mwenye mtumbwi mkubwa kuliko yote pale Ruwele na mdomo mkali kuliko yote.

"Tuhame leo," alisema. "Viboko wametoka mtoni tangu juzi, wanalala kwenye mashamba ya juu. Mie nimeshika pondo la mtumbwi miaka thelathini, sijaona kitu hicho. Mto huu si ule tunaoujua."

Minong'ono ikapita. Mpunga ulikuwa ndio kwanza unatoa masuke. Mtu akiondoka kwenye dungu lake sasa, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, ndege na nguruwe wasingemwachia hata punje. Zuhra mwenyewe alikuwa na ekari mbili, na zilikuwa nzuri kuliko za miaka yote. Asubuhi ile ile alipita katikati yake, masuke yakimgusa mapajani, akahisi raha kama ya mtu anayebeba mtoto wake mwenyewe.

Akakohoa. "Kaka Sadallah, usiwatie watu hofu. Mafuriko si mageni hapa, babu zetu walilala nayo. Tusubiri mpaka Ijumaa, tutaangalia hali." Watu wakapiga makofi. Wengi walikuwa wanataka kusikia hilo hilo. Sadallah alitema mate pembeni, akavaa kofia yake, akaondoka.

Maji hayakusubiri Ijumaa. Yalikuja Jumatano alfajiri. Abdalah alimaliza adhana na hakuzima kipaza sauti. Watu wakasikia sauti yake ikibadilika: "Amkeni! Amkeni, maji yamefika kwenye ngazi za msikiti! Njooni huku juu!" Jua lilipochomoza, ardhi kavu iliyobaki Ruwele ilikuwa ule mwinuko wa msikiti peke yake, na juu yake wamejazana watu zaidi ya mia mbili, na kuku, na magodoro, na watoto waliobeba sufuria vichwani. Njia ya kwenda kilimani, penye shule, ilikuwa imezama. Mashamba hayakuonekana. Yalionekana madungu tu, yamesimama majini kama watu waliosahauliwa. Nyumba ya Mwanamkuu, mjane mshonaji, ilikuwa imeanguka, na ukuta ulimvunja mguu.

Hakufa mtu. Zuhra alihesabu mara tatu, kaya kwa kaya, na kila mara hesabu ilitimia.

Watu walikuwa wanamtazama. Akakohoa, akakaza shingo. "Ndugu wananchi," alianza, na sauti ikakatika. Akajaribu tena. Haikutoka. Halafu akaanza kuongea, na ilikuwa ile sauti yake ya nyumbani.

"Nilikosea," alisema. "Sadallah aliwaambia kweli, mie nikamkatiza. Sikuwa na sababu yoyote. Niliuona mpunga wangu, nikawasahau nyie. Mwanamkuu amelala pale na mguu umevunjika kwa ajili ya maneno yangu. Nisameheni. Na kama hamtanisamehe leo, msinisamehe, lakini naomba tutoke hapa kwanza."

Mtoto alikuwa analia, mama yake akamziba mdomo. Zuhra alihisi kitu ambacho hakukitegemea: wepesi, kama mtu aliyetua ndoo kichwani baada ya safari ndefu.

Sadallah ndiye aliyesema kwanza. "Sasa?"

"Sasa sijui," Zuhra alisema. "Kweli sijui. Wewe unajua maji. Niambie la kufanya, nami nitahakikisha linafanyika."

Sadallah alimtazama kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi akakuta hakuna wa kugombana naye. Akavua kofia, akajikuna kichwa. "Mitumbwi iko saba," alisema. "Mitatu mibovu. Hatukati moja kwa moja, mkondo utatupindua. Tunazunguka kule kwenye michongoma, tunashika ukingo, tunapandisha. Watu sita kila mtumbwi, asizidi hata mtoto. Wagonjwa kwanza."

"Mmemsikia kaka Sadallah," alisema Zuhra. "Leo yeye ndiye mwenyekiti wa maji. Wa nchi kavu ni mie. Wagonjwa na wajawazito, huku."

Kulikuwa na kicheko kidogo, cha kwanza asubuhi ile. Watu wakaanza kutembea.

Ilichukua siku mbili. Mwanamkuu alipobebwa kwenye mtumbwi wa kwanza alikataa kuondoka bila cherehani yake, ambayo majirani waliitoa kwenye kifusi. "Bila hiyo nitakuwa nani huko niendako?" alilia. Sadallah akafoka kwamba cherehani si mtu. Zuhra alikuwa na fungu lake la ukindu wa kusukia mikeka, uliopakwa rangi tayari, kazi ya miezi miwili, alilokuwa amelipanga liende kwenye mtumbwi ule na mumewe Saidy, msaidizi wa kasia. Hakulipeleka. Aliliacha kwenye mwinuko, akampa Mwanamkuu nafasi ile, akaishika cherehani mwenyewe mpaka ilipokaa sawa kati ya magoti ya mgonjwa. "Mchukue na chombo chake," alimwambia Sadallah. "Huyu ndiye atakayetushonea." Hakurudi tena kuutafuta ule ukindu. Watu wa mwisho kutoka Ruwele walikuwa yeye na Abdalah, na Abdalah alipanda kabla yake, kwa sababu Zuhra alimwambia kwamba mwenye wajukuu atangulie.

Kambini kilimani walikaa zaidi ya miezi miwili, katika madarasa na mahema. Kulikuwa na kuharisha, mbu, foleni za unga, na maneno ya chini chini. Zuhra aliyasikia: kwamba angewahi kusema hama, mpunga ungeokolewa, ingawa hakuna mpunga ambao ungeokolewa. Hakuyajibu. Alishinda kwenye foleni akiwa wa mwisho, alikaa na wakwe waliogombana kwa ajili ya mkeka, alikwenda kumfuata daktari Ikwiriri kwa miguu na pikipiki pale dawa zilipoisha. Jioni moja alimkuta Sadallah akiziba mtumbwi nyuma ya shule.

"Maji yakikauka nitaachia," alimwambia. "Mtafute mtu anayejua."

Sadallah hakuacha kugonga. "Nani huyo anayejua?" aliuliza. "Mie nilijua maji, basi. Kule msikitini nilikuwa nimeshakata shauri, nipakie wanangu niondoke, wengine mtajijua. Uliponiambia niongoze, nikaona haya." Akageuza mtumbwi. "Dada Zuhra, wanaojua ni wengi. Wanaosema wamekosea ndio sijawaona. Usiachie. Ila ile sauti yako ya ofisini iache."

Zuhra alicheka mpaka akakaa chini. "Uliijua?"

"Mji mzima tunaijua. Watoto wanaiigiza."

Hakuachia.

Maji yalipoanza kushuka, watu wa bondeni walifanya walichofundishwa na wazee wao: waliyafuata maji. Popote udongo ulipoonekana, mweusi, laini, umejaa tope la mto, walipanda mahindi na kunde na maboga bila kulima. Kilimo hicho wanakiita mlau, na ni zawadi ya mafuriko kwa wale yaliowanyang'anya. Mwaka ule tope lilikuwa zito kuliko kawaida. Mahindi yalipanda juu ya vichwa vya watu. Siku moja Zuhra alisimama shambani, pale pale mpunga wake ulipozama, akagusa jani pana la mhindi, akasema alhamdulillahi kwa sauti, ingawa hakukuwa na mtu. Hakuwa anashukuru kwa mahindi tu. Alikuwa anashukuru kwamba alihesabu watu mara tatu na hawakupungua.

Mwezi wa tisa, mavuno yalipokwisha kuingia, aliwaita watu wa Ruwele akawaambia jambo lililokuwa linamsumbua. "Wale wa kilimani walitupokea hatuna hata kijiko. Hakuna aliyetuuliza tunaondoka lini. Tutawalipa nini?"

"Hatuna cha kuwalipa," mtu mmoja alisema.

"Basi tuwashukuru. Nyumba kwa nyumba."

Wakapakia mahindi na maboga kwenye mitumbwi, na kutoka ukingoni wakabeba vichwani. Mwanamkuu naye alikuja, akichechemea, na nguo ndogo za watoto alizoshona kwa vipande. Kazi ilichukua siku mbili, kwa maana kila nyumba iliwakaribisha, na kukataa chai ya mtu uliyekwenda kumshukuru haiwezekani. Kwa Yasmin, aliyelaza watu kumi na mmoja katika vyumba viwili, Zuhra na mwenyeji wake walishikana mikono mlangoni, wote wawili wakifuta macho kwa ncha za kanga.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja aliyeishi peke yake chini ya shule. Alipoona watu na mizigo mlangoni kwake aliogopa kidogo.

"Shikamoo, bibi. Tumetoka Ruwele. Tumekuja kukushukuru."

"Marahaba, wanangu. Mie? Mie nilitoa nini? Mie sina kitu."

"Ulitupa sufuria, bibi."

Bibi alifikiri. "Lile bovu? Lililotoboka pembeni?"

"Lile lile. Tuliliziba kwa ugali, tukapikia uji watoto sitini kila asubuhi, mpaka tulipoondoka."

Bibi kizee akamtazama Zuhra, akatazama boga kubwa alilokuwa amelipakata, akaanza kucheka polepole, kicheko kilichomtikisa mabega.

"Sitini!" alisema. "Na mie nililitoa maana nilikuwa nalitupa. Haya, ingieni basi. Ingieni mkae, mnasimama mlangoni kama wageni."