Manyoya Ndani ya Koti la Rubani

Wanaotazama ndege zikipita juu siku hizi hawajui kwamba rubani wa zamani alikaa nje, kichwa kwenye upepo, kama mtu aliyepanda punda. Huko juu kuna baridi. Kwa hiyo alishonewa koti la ngozi linalofika chini ya magoti, kofia ya ngozi yenye masikio ya kufungia kidevuni, glavu za kufika viwikoni na miwani mikubwa iliyozungushiwa manyoya. Nayajua mavazi hayo kwa sababu yalipita mikononi mwangu. Au niseme yalipita mbele yangu, maana mikono nilikataa kuitia, na hapo ndipo penye maneno yote.

Baba yangu alitoka pwani na msafara wa shanga na nguo, akaishiwa hamu ya kurudi, akafungua duka Karagwe. Mimi nilizaliwa huko. Nilijua Kinyambo kabla ya Kiswahili, lakini nilipovaa kanzu nilitembea kana kwamba nimeshuka jahazini jana. Nyumbani tulijiita waungwana na majirani tukawaita washenzi, ilhali mama yangu mwenyewe alizaliwa kwa hao hao majirani, na hakuna aliyeona ajabu yake.

Dada yangu akapendwa na Mnyambo mmoja wa Kituntu, mtu wa migomba na mifugo, mwenye mabega mapana na maneno machache. Baba akasema hakuna ndoa bila kusilimu. Kazi ya kumfundisha nikapewa mimi, na niliipenda kupita kiasi. Shemeji hakuwa mtu wa kuuliza kwa nini. Nikimwambia hivi, ni hivyo. Ramadhani yake ya kwanza alikataa hata kumeza mate, akatema siku nzima mpaka midomo ikapasuka. Nilicheka, halafu nikamsahihisha, halafu nikaenda kuwasimulia watu msikitini jinsi mwanafunzi wangu alivyo na imani. Rubisi aliiacha siku ile ile niliyomwambia aiache. Huko Kituntu, mwanamume asiyekunywa pombe hiyo ya ndizi na ndugu zake hutiliwa shaka, kama si mgonjwa basi ana kinyongo. Ndugu zake wakamtania, kisha wakaacha kumwalika. Hakulalamika.

Mwaka ule wa vita vya Wazungu, serikali mpya ilipoingia na kutaka wapagazi, mimi niliyejua lugha tatu nikafanywa mnyapara. Shemeji akaja kwenye kundi langu kwa kuwa alijua ama aje kwangu ama akamatwe na mwingine. Dada yangu alitusindikiza hadi mwisho wa migomba akiwa na mimba kubwa. Hakumwambia mumewe neno. Aliniambia mimi: "Kaka, unirudishie."

Mizigo tuliipokea Bukoba. Ilikuwa ya rubani aliyekuwa akingoja ndege yake Kaisho, mahali palipofyekwa malisho yakawa uwanja. Kulikuwa na masanduku mazito ya vyuma, na sanduku moja la bati, jepesi, lenye nguo zake. Kila mpagazi alilitupia jicho lile la bati. Nikampa shemeji. Huo ulikuwa upendeleo na sikuuficha.

Ilikuwa masika. Tulipopita Kiruruma tukaingia kwenye bwawa la mafunjo, na katikati kamba ya sanduku ikakatika. Sanduku likazama. Shemeji akajitupa kulifuata mpaka maji yakamfika kidevuni, akaibuka nalo kichwani akicheka, tope limemjaa puani. Tukapanda mlima. Juu ya mlima mvua ya mawe ikatukuta, na upepo ambao nguo moja ya pamba iliyolowa haina la kuufanya.

Tukakimbilia mji wa watu kwenye migomba. Hapakuwa na mtu. Walikuwa wametukimbia sisi, maana safari zile kila aliyekutwa njiani au nyumbani alifungwa kamba akafanywa mpagazi. Jivu la jikoni lilikuwa baridi na kuni walikuwa wameondoka nazo. Tulizookota zilitoa moshi tu. Tukakaa tumebanana, na shemeji akaanza kutetemeka vibaya, meno yakigongana hata akasema kwa shida.

Ikabidi tufungue sanduku tumwage maji. Maji yaliingia kidogo, lakini nguo zilikuwa zimezungushiwa turubai, zikatoka kavu. Ndipo tulipoyaona yale mavazi. Jamani, vicheko! Mmoja akavaa kofia na miwani, wenzake wakamwita bundi. Mwingine akatia mikono kwenye glavu akakataa kuzivua. Mpagazi mkubwa kwetu sote kwa umri, mtu asiye na dini ya kitabu chochote, akalikunjua lile koti. Ndani lilikuwa na manyoya marefu, meupe ya kuelekea njano, yasiyofanana na ya mnyama yeyote wa kwetu. Hakutucheka wala hakutuuliza. Akaenda moja kwa moja kumvika shemeji.

Nikasema, "Acha. Hiyo ni ngozi ya nguruwe."

Sikulibuni. Fundi mmoja wa Kihindi pale Bukoba alikuwa amenionyesha tandiko la farasi wa ofisa na vitundu vyake vidogo vidogo, akasema hicho ni nguruwe, Wazungu hawapendi ngozi nyingine. Nikalitazama koti nikiwa nimesimama mbali nalo, nimekusanya kanzu yangu lisiiguse, nikaona vitundu. Basi nikawa nimejua.

Mzee yule akaita mama kwa Kinyambo, "Mawe! Huyu mtu anakufa kwa baridi. Nguruwe atamfanya nini?"

"Wewe vaa. Yeye ana dini yake."

Shemeji akainua macho. "Muramu, ni kweli?" Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa Kinyambo, shemeji yangu.

"Ni kweli. Ni haramu na ni najisi."

"Basi," akasema. Akajikunja, akaweka mikono kwapani.

Mzee akalivaa mwenyewe, akajaribu angalau kukaa karibu naye, naye shemeji akasogea pembeni. Nami nilijisikiaje? Nilifurahi. Naona haya kuandika neno hilo, lakini ndilo lenyewe. Wale wengine walikuwa wamejipamba kama ngedere na wakapata joto, naye peke yake amekaa na baridi yake kwa sababu ya neno langu, nikaona nimefundisha vizuri. Nilijua kwamba dharura huhalalisha kilichoharamishwa. Nimelisoma mapema kuliko mengi. Wala sikulisahau siku ile. Nililiona kama mlango wa watu wazembe, nikaufunga.

Asubuhi yake kichomi kilikuwa kimemshika. Kila akivuta pumzi alijishika ubavu. Tukamtengenezea machela tukambeba, na tulipofika Kaisho siku ya pili jua lilikuwa kali kana kwamba mvua haijapata kunyesha nchi hii.

Rubani alikuwa kijana, pua imebabuka kwa jua, na alivyofurahi kuona sanduku lake ungedhani limetoka kwa mama yake. Ndege yenyewe ilikuwa haijafika, na niseme hapa hapa kwamba haikufika kamwe. Alivaa kila kitu palepale juani, koti, kofia, glavu, miwani, akanyoosha mikono akazunguka uwanja akinguruma mdomoni. Wapagazi wakapiga makofi. Mimi nikamsogelea mpishi wake, mtu wa pwani, nikamwomba aulize ngozi ile ni ya mnyama gani. Nilitaka nisikie nguruwe. Nilitaka nilisikie kutoka kwa mwenyewe, niende nikamwambie mgonjwa kwamba baridi yake haikupotea bure.

Mpishi akauliza kwa maneno yake machache. Rubani akaweka vidole viwili kichwani kama pembe, akapiga kofi mgongo wa koti: ng'ombe. Kisha akafunua ndani, akashika manyoya, akatafuta neno, akakosa. Akakunja midomo akalia: "Meee!"

Watu wote walicheka. Mpishi alicheka mpaka akajifuta machozi. "Kondoo, bwana! Ulidhani nini?"

Nikatia mkono ndani ya koti kwa mara ya kwanza. Mafuta ya kondoo yakanibaki vidoleni, na ile harufu ambayo mtoto yeyote wa Karagwe anaijua. Vile vitundu vilikuwa vya sindano, mahali fundi aliposhona akafumua akashona tena. Sikumbuki nilimwambia nini mpishi, wala alivyomfasiria bwana wake. Nakumbuka rubani aliacha kucheka, akavua koti mwenyewe, akanitupia mikononi na kunisukuma begani niende haraka.

Shemeji alikuwa amelazwa chini ya kibanda cha majani ya migomba. Mwili ulikuwa wa moto naye bado alitetemeka. Nilipomfunika, sehemu ya manyoya ikamgusa mkono, akafumbua macho.

"Muramu, toa."

"Ni kondoo," nikasema. "Nilikosea. Nimemuuliza mwenyewe. Ni kondoo na ng'ombe, wallahi."

Akanitazama. Hakuwa na hasira. "Unanionea huruma."

"Sikuonei huruma! Hata angekuwa nguruwe, mtu akihofia roho yake anaruhusiwa. Dini inasema hivyo."

"Juzi hukusema hivyo."

Nikamshika mkono nikaulazimisha kwenye manyoya, ashike mwenyewe, mtu aliyekua kati ya kondoo. Akakunja ngumi. Nilikuwa nimemwambia najisi haishikwi, naye hakuishika. Akaanza kulisukuma koti kwa kiwiko, kidogo kidogo, akipumzika katikati kwa sababu ya ubavu, mpaka likaanguka chini.

"Usiniharibie dini, muramu," akasema. "Nimeipata kwa tabu."

Nikalia mbele yake. Yeye ndiye aliyenibembeleza, akaniambia nisiogope, hatamwambia dada yangu kwamba nilimjaribu. Kisha akanyoosha ule mkono ulioguswa, akauweka mbali na mwili wake, akaniomba nimtakase. Alitaka kama ilivyoamriwa kwa najisi ya nguruwe, mara saba, mojawapo kwa udongo, maana aliona wakati wake umekaribia na hakutaka kwenda nao hivyo.

Nikamwambia tena ni kondoo. Akafumba macho, mkono bado ameunyoosha.

Nikaenda mtoni nikachota. Maji yalikuwa baridi, naye alishtuka kila nilipomwagia, lakini hakuurudisha mkono. Nilimwosha mara saba, na ya kwanza nikampaka udongo.