Swichi ya Ukumbini

Swichi ya chumba nilichokalia eda ilikuwa nje. Sijui ni fundi gani aliyefunga umeme katika nyumba ile ya mama mkwe wangu, hapa Handeni. Mungu amsamehe, maana mimi bado sijamsamehe. Taa ndani, swichi ukumbini, ukutani karibu na kiti cha shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Siku za kawaida haimsumbui mtu: unatoka, unabonyeza, unarudi. Lakini mwenye eda haingii ukumbini kukiwa na wanaume, na ukumbi wa shemeji ulikuwa haukosi wanaume tangu magharibi.

Basi taa yangu ikawa inawashwa na kuzimwa na shemeji. Taarifa ya habari ikiisha anaaga wageni, anajinyoosha, ta! Giza. Niwe nasali, niwe natafuta sindano, niwe nalia, ta! Na mimi, jamani, ni fundi umeme.

Tuseme karibu fundi. Nilikuwa nimebakiza mtihani wa vitendo.

Kabla ya hapo, kwa miaka zaidi ya ishirini, nilikuwa fundi cherehani Korogwe mjini, barazani kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Nimeshona sare za shule mpaka nikawa naota kola. Kisha nguo za tayari zikajaa, mitumba ikajaa zaidi, nami nikabaki kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Mgongo unauma, uzi hauingii kwenye tundu la sindano. Siku moja waya za duka zikaungua, akaja fundi, nikamshikia ngazi. Nikamwona anaufuata waya kutoka unakoanzia mpaka unakoishia, na palipokatika anaunga. Nikasema moyoni, ala, si ndiyo kazi yangu hii siku zote?

Nilikuwa na miaka arobaini na tatu. Mzee mwenye duka alisikitika kweli. "Mama," akaniambia, "usiache mbachao kwa msala upitao." Kwenye chuo cha ufundi pale Korogwe vijana waliniamkia shikamoo, nikiwapa kisogo wanacheka. Mmoja akasema samaki mkunje angali mbichi, lakini huyu mama tumeletewa ng'onda. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta kwenye mkonge, Ngombezi. Nilipomwambia, alicheka mpaka akakohoa, halafu akasema, "Ng'ombe hazeeki maini. Nenda." Nikaenda, naye jioni akawa ananipikia ugali huku mimi nachora michoro ya waya sakafuni kwa chaki.

Aliumwa wiki chache tu. Tulimzika kwao, Handeni. Nyumba tuliyoishi kambini ilikuwa ya shamba la mkonge, na mwenye kazi akifa nyumba inarudi, kwa hiyo sikuwa na pengine pa kukaa miezi minne na siku kumi. Binti yetu aliyeolewa huko juu Dindira, kwenye chai, ndiye aliyekwenda kufungasha vyombo. Alirudi na kikapu kilichofunikwa kanga. Ndani mlikuwa na bisibisi, praizi, testa, tepu nyeusi, vipande vya waya na swichi moja niliyokuwa nafanyia mazoezi. "Baba alisema usiviache," akaninong'oneza. Nikavisukuma chini ya kitanda.

Haukupita muda mrefu, mwenzangu wa chuoni akanipigia simu. Mtihani wa vitendo ni Alhamisi ya wiki ijayo. Asiyetokea angoje kundi lingine, na la lini, hakuna anayejua. Nikamwambia mama mkwe, mama mkwe akamwambia shemeji, naye jibu akalileta mwenyewe, akasimama nyuma ya pazia la mlango.

"Shemeji, mwenye eda hapandi ngazi katikati ya wanaume. Watu watasema mke wa kaka yangu hakungoja hata udongo ukauke. Ukitoka eda, shamba la mahindi lipo, na cherehani tutakutafutia. Huo umeme ulikuwa mchezo wenu na marehemu."

Mchezo! Nilishika pazia nikataka kulichana. Nikakumbuka nililishona mwenyewe, zawadi ya Idi, nikaliachia.

Sikumchukia, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alikuwa amemzika kaka yake wa pekee. Laiti angekuwa mtu mbaya ningepata pa kumshika. Lakini alikuwa ananitunza. Uji ulikuja, sabuni ilikuja, waliokuja kuhani walipokewa vizuri, nami nikaona kabisa jinsi nitakavyotunzwa hivyo hivyo mpaka nizeeke, kati ya mahindi na cherehani, bila kuulizwa kitu. Nilihisi nimezikwa pamoja na mume wangu, ila kaburi langu lina dirisha. Swala, uji, swala, ugali, wageni, ta!

Mama mkwe alikuwa analala chumbani humo humo na mimi, kwenye mkeka. Kwa kawaida usingizi ulimchukua kabla taa haijazimwa; jioni moja, bado hajavua miwani, taa ikazimika. Akajigonga kwenye kigoda, akasema kwa Kizigua neno ambalo sitalitafsiri.

"Nani kazima?"

"Mwanao, mama. Huzima kila siku."

Akawa anasugua mguu. Nilidhani yameisha.

"Mimi eda yangu nilikaa chumba hiki hiki," akasema. "Nilikuwa na koroboi. Nikitaka kulia huku naona, nawasha. Nikitaka kulia gizani, napuliza. Hakuna aliyenipulizia."

"Swichi hiyo naweza kuihamisha, mama. Nikaileta humu ndani."

"Wewe?"

"Mimi."

"Nyie Wasambaa," akasema, "maneno mnayo." Akageukia ukutani.

Asubuhi shemeji alipokwenda shambani, mama mkwe aliingia anaburuta meza ya jikoni. "Haya," akasema, "tuone."

Chumba hakikuwa na dari. Waya zilipita juu ya ukuta, kwenye boriti, na kiboksi cha maungio kilikuwa juu ya kitanda changu kabisa. Kwa hiyo kazi yote ningeifanyia ndani, isipokuwa jambo moja: meni swichi ilikuwa barazani, na barazani siendi.

"Mama, nenda ukaizime, kisha ukae hapo hapo. Asiiguse mtu mpaka nikuite. Hata awe nani."

"Kwani kuzima taa tu hakutoshi?"

"Umeme hauna shemeji wala mkwe, mama. Usiinuke."

Akachukua kigoda na ungo wa kunde, akatoka.

Nikajifunga kanga kiunoni juu ya nguo nyeupe za eda, nikapanda kitandani, kutoka kitandani mezani. Nikagusa waya kwa testa: haiwaki. Nikafungua kiboksi. Loo! Vumbi, mende, na maungio yamefungwa kwa mfuko wa nailoni badala ya tepu. Yule yule fundi, simsamehi ng'o. Nikachomoa waya mbili zilizokwenda ukumbini, nikaanza kuunga zangu. Tangu mazishi ilikuwa mara ya kwanza mikono yangu kufanya kazi zaidi ya kufuta machozi. Nikasikia raha, kisha nikaona haya kusikia raha.

Hapo ndipo niliposikia pikipiki ya shemeji. Amerudi mapema.

"Shikamoo mama. Mbona redio kimya leo?"

"Marahaba. Umeme umekatika."

"Kwa jirani unawaka, nimepita hapo sasa hivi. Hebu nione hii meni swichi."

Nilikuwa nimeshika shaba tupu kwa vidole. Nikafungua kinywa nipige kelele, nikatanguliwa.

"Toa mkono!"

Mama mkwe hakuwa mtu wa kupaza sauti. Nilisikia kunde zikimwagika sakafuni.

"Nimesema umekatika. Nimeukata mimi. Mkwe wangu yuko juu anafanya kazi, ukigusa hapo utanizikia mtu wa pili."

"Kazi gani, mama?"

"Kazi aliyosomea."

Nikamsikia shemeji anahema. Kisha nikamsikia anainama, na kunde zinarudi kwenye ungo, chache chache. Nikaunga, nikafunga tepu, nikateremsha waya ukutani kwa misumari midogo, nikaweka swichi yangu ya mazoezi pembeni mwa kitanda, pale mkono unapofika ukiwa umelala. Ndipo nikaita.

"Mama! Washa!"

Siku hiyo shemeji hakuniuliza chochote. Jioni wageni wakaja, taarifa ya habari ikasikilizwa, wageni wakaaga. Nilikuwa nimekaa kitandani, taa inawaka, nikamsikia anasimama na kujinyoosha kama kawaida yake.

Ta.

Taa ikawaka vile vile.

Ta. Ta, ta.

"Mama, hii swichi imeharibika."

"Haijaharibika," mama mkwe akamjibu. Alikuwa ukumbini bado, anakunywa uji. "Imehama. Iko ndani kwa mwenyewe."

Ta, shemeji akajaribu mara moja zaidi.

"Na Alhamisi anakwenda Korogwe kwenye mtihani wake," mama mkwe akaendelea. "Nimemtuma mtu kwa shehe akaulize. Shehe kajibu mwenye haja hutoka mchana, akarudi kulala kwenye eda yake."

"Mama, watu watasema."

"Watasema. Walisema pia nilipobaki nalima peke yangu, na wewe ukashiba."

Nilisogea karibu na pazia langu. Kama angekataa tena, sidhani ningekuwa na nguvu ya kuomba mara ya pili. Nilisikia kiti kikilia, amekaa tena.

"Basi awahi gari la kwanza," akasema mwishoni. "Asije akalala njiani." Halafu, sauti imemshuka: "Kaka alikuwa akinisimulia hayo mambo ya waya. Nilidhani anatania."

Akaenda zake kulala. Mama mkwe akaingia, akatandika mkeka, akaitazama swichi, akanitazama mimi, akajifunika shuka mpaka kichwani. Nami nikamlilia mume wangu, kwa mara ya kwanza bila kuogopa kuzimiwa, huku naona: kikapu, kanga, mikono yangu yenye mikwaruzo ya boriti. Nililia mpaka nikatosheka. Kisha nikanyoosha mkono, nikazima mwenyewe.